Huyu ni Panzi, Mwanangu

Likizo ya Desemba imepita na wajukuu wamerudi mjini kwa wazazi wao, lakini wametuachia jambo la kuzungumza. Jumamosi moja katikati ya likizo, baada ya maombi, mama mmoja wa kikundi chetu hapa Nassa alieleza kwamba mjukuu wake wa miaka saba, aliyetoka Mwanza, amekataa katakata kwenda chooni usiku. Choo chenyewe kiko kama hatua ishirini tu kutoka mlangoni. Mtoto anataka bibi atangulie na taa, kisha asimame nje akiimba, na asinyamaze hata kidogo mpaka yeye amalize. Alipobanwa aseme anaogopa nini, alijibu kwamba anaogopa dubwana lililomo kwenye simu ya kaka yake.

Tulicheka, maana kila mmoja wetu alikuwa na la kwake nyumbani. Mwenzetu mwingine alisema afadhali huyo anayeogopa. Wajukuu wake yeye wanatafuna matobolwa huku wakitazama watu wakitafunwa, wala mkono hausimami kati ya bakuli na mdomo. Basi ikaanza mipango. Mmoja akasema simu zote zikusanywe saa kumi na mbili jioni zifungiwe kabatini. Mwingine akasema picha za namna hiyo ni milango ya shetani na zikatazwe moja kwa moja. Hapo yule bibi wa mjukuu wa choo akasema kwa sauti ya chini, "Mbona tulishawahi kukataza? Mmesahau kibanda?"

Tukanyamaza. Hatukuwa tumesahau.

Wasomaji wa umri wetu hawahitaji kuelezwa kibanda cha video kilikuwa nini, ila mabinti zetu walioolewa juzi huenda hawakukiona. Miaka ya 1990, wakati sisi wa Nassa tulipokuwa bado Wilaya ya Magu katika Mkoa wa Mwanza (Wilaya ya Busega na Mkoa wa Simiyu vilikuja mwaka 2012), kibanda kilikuwa pale kandokando ya barabara kuu iendayo Musoma. Kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani benchi za mbao, televisheni moja na deki moja, na nje jenereta inayonguruma kiasi kwamba sauti ya picha ilisikika kwa shida. Nje palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki jina la picha ya siku hiyo. Msimu wa kuuza pamba kilijaa mpaka watoto wakakaa chini kwenye vumbi. Kiingereza hawakukijua, kwa hiyo palikuwa na kijana mmoja aliyesimama karibu na televisheni akieleza yanayosemwa, na yale asiyoyaelewa aliyatunga mwenyewe. Wale watafsiri wa kanda waliokuja kuvuma baadaye, kama Derek Mukandala anayejulikana kwa jina la Lufufu, hawakuwa wamefika kwetu bado.

Watoto walikuwa na sheria zao kuhusu picha, na walizijua kuliko walivyozijua za shule. Sheria ya kwanza, stelingi hafi. Ya pili, adui lazima afe, tena afe mwishoni na kwa shida. Ya tatu ilihusu picha za madubwana peke yake: wale wengine wote, wasio stelingi, ni chakula. Walikuwa wakibashiri kwa sauti, "Huyu anafuata! Si huyo, ni yule mnene!" Na akimezwa aliyebashiriwa, kibanda kizima kilipiga makofi.

Mwaka 1998 ilifika picha iitwayo Anaconda, iliyotengenezwa Marekani mwaka uliotangulia. Ni habari za watu waliopanda boti katika mto Amazon kule Amerika ya Kusini, wakakutana na joka la zaidi ya mita kumi. Nyoka huyo yupo kweli duniani, ndiye mzito kuliko nyoka wote, ila wa kweli hafikii ukubwa ule wa kwenye picha. Watoto wetu walimwita chatu, kwa kuwa chatu wanamjua. Picha ikaonyeshwa siku nne mfululizo. Mbuzi hawakurudishwa zizini kwa wakati, maji hayakuchotwa, na usiku watoto waliweweseka. Sisi akina mama wa kikundi tukakubaliana. Siku ya tano tukajifunga kanga viunoni, tukachukua fimbo, tukaenda kibandani mchana kweupe kuwatoa watoto wetu mmoja mmoja. Mwenye kibanda hakutuzuia. Alisimama pembeni ya jenereta yake akitazama mbali, kama mtu asiyehusika.

Tulijisikia washindi. Tulirudi tukiimba.

Sasa, miongoni mwa watoto tuliowatoa alikuwamo mvulana wa miaka tisa, mtoto wa mwenzetu. Baba yake alikuwa amekwenda Bukoba kwa biashara mwezi Mei mwaka 1996, na alikuwa akirudi kwa meli ya MV Bukoba. Hatuna haja ya kuwasimulia akina mama wa Kanda ya Ziwa habari ya tarehe 21 Mei. Kwa ajili ya wasomaji wa mbali tuseme tu kwamba meli ile ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Wengi hawakutambuliwa. Baba wa mtoto huyu hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana ukatambulika.

Njiani kurudi kutoka kibandani watoto wote walikuwa wakilia kwa sababu ya fimbo, isipokuwa yeye. Yeye alikuwa na furaha. Tangu msiba ule hatukuwa tumemwona akichangamka namna ile. Alimshika mama yake mkono akamwambia, "Mayu, nimemwona ametoka."

"Nani ametoka?"

"Mtu aliyemezwa. Chatu amemtapika, na alikuwa bado anakonyeza jicho."

Ni kweli, jambo hilo limo katika picha ile. Karibu na mwisho, yule adui aliyemezwa hutapikwa akiwa ameloa na kuharibika ngozi, na kabla ya kukata roho hukonyeza jicho moja. Waliotengeneza picha walikusudia watazamaji waruke kwenye viti vyao kisha wacheke. Huenda huko Marekani walicheka. Kwetu Nassa mtoto mmoja hakucheka. Alihesabu siku. Alimwuliza mama yake, na sisi sote tulisikia, "Sasa ziwa litamtapika baba lini?"

Tulikuwa na fimbo mikononi, na hakuna aliyekuwa na jibu.

Baadaye tukajiuliza mtoto alipata wapi wazo hilo, maana picha peke yake isingetosha. Jibu halikuwa mbali. Tulimpa sisi wenyewe. Mtoto wa Kisukuma, kabla hajajua televisheni, anamjua Shing'weng'we. Msomaji wa Pwani anajua mazimwi ya kwao, na anajua msemo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Shing'weng'we hakumjua mtu. Alimeza mifugo yote na watu wote wa dunia, akabakiza mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya rundo la makapi. Mwanamke huyo akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa. Masala ni akili. Mtoto alipokua akauliza, mama, mbona tuko wawili tu, watu wengine wako wapi? Mama akamwambia ukweli, kwamba wamemezwa na Shing'weng'we. Tangu siku hiyo mtoto akawa anakwenda kumtafuta. Siku moja akaua panzi, akarudi akishangilia kwamba amemuua. Mama akamwambia, huyu ni panzi tu, mwanangu, tumchome tumle. Siku nyingine akaleta ndege. Siku nyingine swala. Kila mara mama alimwambia siye. Mpaka siku alipompata mwenyewe, akamshinda, akalipasua tumbo lake, wakatoka watu wote. Na wa kutajwa kwanza kabisa miongoni mwa waliotoka, kwa jinsi wengi wanavyoisimulia, ni baba yake.

Ongeza na ya Jumapili. Kanisa letu lina mizizi mirefu mahali hapa. Kituo cha Nassa kilianzishwa na wamisionari wa CMS karne ya 19, na mwaka 1909 kikapokelewa na AIM, kikawa ndipo mwanzo wa kazi yao Tanganyika. Kwa miaka yote hiyo watoto wa shule ya Jumapili wamefundishwa habari za Yona. Samaki mkubwa alimmeza, siku tatu, kisha akamtapika nchi kavu. Tulikuwa na picha ya rangi ukutani, Yona anatoka mdomoni mwa samaki na nguo zake ni safi.

Basi yule mtoto alikuwa na mashahidi watatu: bibi yake, mwalimu wake wa Jumapili, na kibanda cha video. Wote watatu walimwambia kwamba aliyemezwa hutoka. Hakuwa mjinga. Alikuwa na imani katika mambo tuliyomfundisha, na alikuwa akisubiri.

Tangu wakati ule tumekuwa tukizitazama picha hizi kwa jicho lingine, na hata kusoma kidogo habari zake, kwa sababu ni vigumu kukataza au kuruhusu kitu usichokijua. Tulilogundua ni kwamba kila mtazamaji huingia na deni lake mkononi, anataka dubwana limlipe. Wengi wanataka ukubwa tu. Wanataka kuona linavyobomoa nyumba na madaraja. Mwaka 1998 huohuo, Wamarekani walipotengeneza Godzilla yao, wapenzi wa zamani wa dubwana hilo walikasirika sana, kwa sababu walimjua kama mnyama atemaye moto asiyeshindwa na jeshi, na hawa wakawaletea mjusi mkubwa anayekimbia wanajeshi na kufa kwa makombora. Hadithi ya kale ina masharti yake. Ukiyavunja, wenye hadithi watakuja juu, hata kama wametoa kiingilio kwa hiari yao. Jaribu kumsimulia mtoto wa Kisukuma kwamba Masala Kulangwa aliridhika na panzi akalala, uone.

Lakini Godzilla wa kwanza, wa Japani, wa mwaka 1954, alikuwa kitu kingine. Ilikuwa miaka tisa tu tangu mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, na mwezi Machi mwaka huohuo wavuvi wa Kijapani wa boti moja ya jodari walikuwa wameangukiwa na majivu ya bomu la majaribio la Marekani kule Bikini. Mwongozaji wake, Ishirō Honda, hakutengeneza picha ya kuchezea. Dubwana linatoka baharini likiwa limeamshwa na mabomu, linauchoma mji wa Tokyo, na katikati ya moto ule anaonekana mama mmoja mjane ameketi chini amewakumbatia watoto wake, akiwaambia kwamba muda si mrefu watakuwa na baba yao. Ni kipande kifupi sana. Sisi tulipokiona hatukuweza kuendelea kwa muda. Yule mama hakimbii wala hapigi kelele, na hakuna stelingi anayekuja kumchukua. Waliokuwa ukumbini mwaka ule wengi walikuwa na maiti zao za vita. Picha zilizofuata za Godzilla ziliwageukia watoto, madubwana yakawa yanapigana mieleka, na mama yule hakuonekana tena. Hatulaumu. Watu huchoka kulia.

Kuna jambo jingine la kuwafaa akina mama wenye watoto waoga. Watoto hudhani wameona dubwana, kumbe mara nyingi hawakuona chochote. Katika picha ya papa, Jaws, ya mwaka 1975, mwongozaji Steven Spielberg alikuwa na papa wa mashine aliyekuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi. Kwa kukosa la kufanya akaonyesha maji tu, na muziki, na watu wakitazama. Ikawa ndiyo picha iliyowaogofya watu kuogelea. Bibi zetu walilijua hilo bila mashine. Ni nani kati yetu aliyewahi kuambiwa Shing'weng'we ana rangi gani? Na King Kong wa mwaka 1933, yule sokwe aliyepanda jengo refu la New York, katika sehemu kubwa ya picha alikuwa mwanasesere wa sentimita 45 hivi, mifupa ya chuma na manyoya ya sungura, akisogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Tumewahi kuwaambia watoto habari hii, wakaenda kutengeneza wa kwao kwa udongo wa mfinyanzi. Usiku ule walilala vizuri. Picha za kwetu za Bongo nazo, kama Nsyuka ya mwaka 2003 na Shumileta ya mwaka 2005, zote za Mussa Banzi, ni watu waliopakwa rangi, tena wengine rangi unaiona kabisa shingoni ilipoishia.

Turudi kwa mtoto wetu.

Mama yake hakumjibu njiani. Alimwogesha, akamlisha, akamlaza. Sisi tulimwendea asubuhi yake tukiwa na maneno mengi ya faraja, tukamkuta tayari yuko shambani na mtoto, wanang'oa mabua ya pamba. Alituambia baadaye alichokisema, na tunakiandika hapa kwa ruhusa yake. Alikesha akiitafakari ile hadithi, akaona kwamba siku zote ameisikiliza akimtazama kijana shujaa, wala hakuwahi kumtazama yule mama. Mama yule hana mkuki. Kazi yake katika hadithi ni mbili tu: kumwambia mtoto ukweli kwamba watu wamemezwa, na kumwambia, kila anapoleta kitu mkononi akidhani ndicho, kwamba sicho.

Basi akamwambia mwanawe, "Yule chatu wa kibandani ni panzi, mwanangu. Ni mpira na chuma, watu wamemtengeneza. Aliyetapikwa ni mtu aliyelipwa, alipomaliza alinawa akaenda kula."

Mtoto akauliza, "Na ziwa?"

Akamwambia, "Ziwa si panzi."

Kisha akamwambia kwamba baba amekufa, na kwamba ziwa halitamtapika. Neno "amekufa" halikuwa limetamkwa katika nyumba ile kwa miaka miwili. Tulikuwa tukisema amepotea, amelala, ametangulia, hajaonekana. Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha mjane huyo kusema hivyo mbele ya mtoto, tukidhani ni huruma. Mtoto alilia siku nzima, akaacha kula mpaka jioni. Tunakiri kwamba wengine wetu tulimlaumu mama yake, na mmoja alimwambia waziwazi kwamba ameua tumaini la mtoto.

Baada ya mavuno walikwenda Mwanza, mpaka Igoma, walikozikwa wengi wa waliopatikana bila kutambuliwa. Mtoto akatembea kati ya makaburi. Akauliza baba ni lipi. Mama akamwambia hajui, huenda mojawapo, huenda hakuna. Wakaketi hapo. Wakala michembe waliyokuja nayo.

Suala la Yona lilitukuta sisi walimu wa Jumapili. Mtoto aliuliza darasani, mbele ya wenzake, kwa nini Mungu alimtoa Yona aliyekuwa mkaidi na hakumtoa baba yake aliyekuwa mzuri. Mwalimu wa siku hiyo hakujua la kusema, akaanzisha wimbo. Tulikaa juu ya jambo hilo wiki kadhaa pamoja na mchungaji. Alitukumbusha kwamba Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo sura ya 12, aliitumia ishara ya Yona kuzungumzia kaburi lake, na kaburi lake halikuwa la mchezo. Alikufa kweli, na mama yake aliona. Akatusomea pia Isaya sura ya 25, mahali ambapo mauti yenyewe ndiyo itakayomezwa. Hilo tulimsomea mtoto, naye alilisikiliza kwa makini kuliko tulivyotegemea, kwa kuwa habari za kumeza alikuwa anazijua. Hatukumwambia kwamba tumemjibu swali lake kuhusu baba yake, kwa maana hatukuwa tumelijibu. Ile picha ya Yona mwenye nguo safi tuliiondoa ukutani.

Ndugu zetu Wakatoliki wamekwenda mbali kuliko sisi katika hadithi hii. Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz, waliofanya kazi miaka mingi Usukumani, wameandika jinsi Wakristo wa huku wanavyomwona Kristo katika Masala Kulangwa, mkombozi apasuaye tumbo la mauti. Ni fundisho zuri. Ila tunapenda wanapoisimulia wasiruke kipande cha sikio. Msomaji asiye Msukuma huenda hakijui. Masala Kulangwa alipolipasua lile tumbo, kisu kilimkata sikio bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Bikizee akakasirika, akamtukana, akataka hata kumroga. Kijana alikuwa amekomboa dunia nzima, na hapohapo anadaiwa sikio. Ilimbidi atafute dawa amponye. Ndipo alipofanywa mtemi.

Yule mtoto wetu alikuwa na miaka kumi na mitatu alipokisikia kipande hicho kwa namna mpya. Alikuwa ameambiwa shuleni lile ambalo watu wazima tulilijua na tulilinyamazia: kwamba baada ya meli kupinduka watu walisikika wakigonga kutoka ndani, kwamba waokoaji walitoboa chuma ili wawatoe, na kwamba tundu lilipopatikana hewa ilitoka na meli ikazama chini kabisa. Alirudi nyumbani akatupa mfuko wa vitabu, akataka kujua ni nani aliyetoboa. Alitaka jina. Mama yake hakuwa na jina. Alimsimulia tena kuhusu sikio, kwamba aliyeshika kisu alitaka kuwatoa watu. "Na sikio lilikatika," mtoto akasema. "Ndiyo," mama akasema, "lilikatika." Hakuongeza kitu, wala hakumwambia asiwe na hasira. Hasira aliibeba miaka mingi.

Mama huyo ndiye aliyekuwa akisimama nje ya choo akiimba Desemba hii. Mjukuu wa miaka saba ni binti wa mvulana yule, ambaye sasa ni mtu mzima, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Mwanza, na alikuja Nassa kula Krismasi na mama yake. Kwa hiyo Jumamosi ile mama aliposema tulishawahi kukataza, alikuwa na haki ya kusema.

Hatukufungia simu kabatini. Tulikubaliana tu kwamba picha za madubwana zisitazamwe baada ya giza, na zisitazamwe na mtoto peke yake chini ya shuka. Awepo mtu mzima, aulize. Ni kazi ngumu, tunajua. Picha hizi ni ndefu, jiko linangoja, na nyingine ni chafu kiasi kwamba dakika tano zinatosha kuizima na kusema hapana. Kukataza kupo na kutakuwapo. Ila siku ile ya kibanda, kama tungewatoa watoto kimyakimya na kuwafungia, swali la mtoto yule lingebaki ndani yake, naye angeendelea kulitazama ziwa.

Usiku wa pili wa Krismasi tulikwenda kuwasalimu. Tuliwakuta baba na binti kwenye mkeka, simu kati yao, dubwana fulani la baharini linapindua mashua. Hakuizima. Alimwuliza binti yake, "Wangapi wamemezwa mpaka sasa?" Mtoto akahesabu, wanne. "Wanaitwaje?" Mtoto hakujua hata mmoja, na picha yenyewe haikuwa imewataja. Baba akasema hilo ni panzi, akasimamisha picha, akaanza kumsimulia Shing'weng'we kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake, kwa sababu mtoto wa mjini Kisukuma hakijui vizuri. Alipofika kwenye kutoka kwa watu hakumtaja baba wa Masala Kulangwa kwanza kama ilivyo desturi. Alisema wakatoka watu, wengi, akaenda moja kwa moja kwenye sikio.

"Lilipona?" mtoto akauliza.

Baba akamtazama mama yake, aliyekuwa akichagua mawe kwenye mchele karibu na taa.

"Lilipona," bibi akasema. "Lakini kovu lilibaki." Wengi hawaisimulii hivyo. Yeye ndivyo anavyoisimulia.

Mtoto akafikiri. Kisha akasimama, akatafuta kandambili zake, akasema, "Bibi, nisindikize chooni. Leo usiimbe, simama tu."